Umetumiwa pepa ya daktari ya ukimwi, kansa au kifafa? Isome hivi kabla hujafowadi

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Mbagala kanitumia meseji WhatsApp, ndefu balaa, imefowadiwa mpaka ina ile mishale miwili, inasema kuna daktari mtafiti kachapisha tafiti kibao za ukimwi, kansa na kifafa, na kwamba "matokeo yamethibitishwa hapahapa Dar es Salaam", halafu mwisho kabisa kuna namba ya simu na bei ya kopo la unga. Chini wameambatanisha pdf. Shangazi anauliza, "Mwanangu, we si ndo unafanyaga mambo ya tafiti, hebu niangalizie hii, mwenzangu wa kikoba kashanunua makopo mawili."

Hayo mambo yangu ya tafiti yenyewe ni ukarani wa data. Nakaa na madodoso, naingiza kwenye kompyuta, nikikuta mtu kaandikiwa umri miaka 340 nampigia simu aliyemhoji. Sio daktari mimi, na humu hamna sehemu ntakwambia uache dawa au uanze dawa. Ila ukishakaa karibu na jiko unajua sufuria lipi lina nini, kwa hiyo naandika nilivyomfanyia shangazi, na we ukitumiwa ya kwako fanya hivyohivyo, bando la mia tano linatosha kabisa.

Mi nilidhani ile pdf feki. Haikuwa feki. Ni utafiti wa kweli, umefanyika Dar kweli, umechapishwa 2004 kwenye jarida kubwa la Marekani, New England Journal of Medicine, unahusu vitamini na VVU. Hapo ndo penye mtego, maana mtu akishaona pdf ni ya kweli anaamini na kopo ni la kweli. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari mpaka Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500 na hakuna aliyeulizia pdf. Saivi tunaiulizia, tatizo hatuifungui.

Haya, ifungue, na uanze na majina, sio kichwa cha habari. Chini ya kichwa kuna mstari wa majina. Wa kwanza kawaida ndo kabeba mzigo, wa mwisho kawaida ndo mkuu wa mradi, wa katikati wanaweza kuwa waliosimamia kliniki, waliopiga hesabu, waliopima damu. Nikachukua jina la daktari wa kwenye meseji nikalitafuta kwenye pdf, la kwanza mpaka la mwisho, hamna. Yaani meseji inamsifia mtu mmoja, pdf ya watu wengine kabisa. Sekunde kumi tu hizo.

Kama jina lipo usishangilie bado. Nenda PubMed, ni maktaba ya mtandaoni ya bure ya serikali ya Marekani, andika jina la ukoo halafu herufi ya kwanza ya jina lake. Sasa kwetu hapa ukiandika Mushi au Massawe au Juma unaletewa umati, mmoja wa meno, mmoja wa mifugo, mmoja wa malaria, na mjanja anawajumlisha wote anasema "tafiti 200". Angalia kila pepa mwenye jina kaandikiwa taasisi gani, na kama ana namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16, hiyo ndo kama NIDA ya mtafiti, majina yatafanana ila namba haifanani. Hapohapo angalia kama pepa imeondolewa, PubMed wanaweka tangazo juu kabisa. Ile ya kusema chanjo ya surua inaleta usonji ilichapishwa 1998, jarida likaifuta 2010, na mpaka leo kuna watu wanaifowadi.

Kuna watakaokwambia mtu mmoja hawezi kutafiti ukimwi, kansa na kifafa kwa mpigo, lazima atakuwa tapeli. Sio lazima. Haya magonjwa yanakutana. Kansa ya Kaposi, yale mabaka ya zambarau yaliyowatisha watu sana miaka ya 80 na 90, inatokana na kirusi kilichogunduliwa 1994 na inashamiri kinga ikishuka. Kansa ya mlango wa kizazi, mwanamke mwenye VVU hatari yake ni kama mara 6 ya mwanamke asiye navyo. Kifafa kinaingilia mlango wa uani, kwanza maambukizi ya ubongo yanayomkuta mtu kinga ikiwa chini yanaweza kumfanya aanze kuanguka, pili dawa zenyewe zinagombana: dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinalifanya ini liiondoe haraka dolutegraviri, ambayo ndo imo ndani ya TLD, kile kidonge cha ARV wanachopewa wengi kwenye kliniki za VVU (CTC), mpaka anayetumia kabamazepini kwa kawaida anapangiwa dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kwa hiyo daktari anayeandika yote matatu yupo na anahitajika, we hakikisha tu ndo yeye.

Pepa nzima unaipataje bila kulipa? Nyingi ziko bure PubMed Central. Zisizo za bure, ukiwa na ndugu anasoma chuo mwambie aingie kupitia maktaba yao, vyuo vyetu vingi vina mpango wa HINARI unaofungua majarida ya kulipia. Ikishindikana mwandikie mtafiti mwenyewe, barua pepe yake iko ukurasa wa kwanza, na wengi wanatuma, wanafurahi hata kuna mtu kauliza.

Sasa ruka muhtasari. Najua ndo mfupi na ndo unaoonekana kwanza, lakini muhtasari ndo bibi harusi kashapambwa. Shuka kwenye sehemu ya mbinu, pdf za Kiingereza wanaandika Methods, halafu chukua karatasi uandike majibu ya maswali manne: walikuwa kina nani, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nini, na kilichopimwa ni nini hasa. Kiingereza kikikusumbua tafsiri kwa Google kipande kidogokidogo, ila namba zisome mwenyewe kwenye asilia.

Ya shangazi ilitoka hivi. Walikuwa kina nani: wajawazito wenye VVU wa Dar es Salaam, waliingizwa kuanzia 1995 mpaka 1997. Soma tena hiyo miaka. Kipindi hicho mwananchi wa kawaida Dar ARV anazisikia tu, za bure za serikali zilianza 2004. Wangapi: 1,078. Walilinganishwa na nini: waligawanywa kwa bahati nasibu makundi manne, kuna waliopata vitamini B, C na E, kuna waliopata vitamini A peke yake, kuna waliopata zote, na kuna waliopata kidonge cha bandia kisicho na kitu, na mgonjwa hajui kapata kipi na anayempa hajui. Kwa nini bahati nasibu? Maana ukiwaacha watu wachague wenyewe, anayenunua vitamini ndo huyohuyo mwenye hela ya samaki, matunda na bodaboda ya kuwahi kliniki, akinawiri sifa unaipa vitamini kumbe ni samaki. Pepa ikikwambia "tuliwapa wagonjwa 30 dawa yetu na wengi wakapata nafuu", halafu hamna kundi la kulinganisha, we funga, kaendelee na mambo yako.

Kilichopimwa: nani kafika hatua ya mwisho ya ugonjwa au kafariki. Na matokeo, waliopata B, C na E walikuwa 67 kati ya 271, waliopata bandia 83 kati ya 267. Fungua kikokotoo cha simu, ni kama 25 katika kila 100 kwa 31 katika kila 100. Tofauti ni watu 6 katika 100. Muuzaji hakuandika hivyo, kaandika "inapunguza kwa asilimia 29", na cha ajabu hajadanganya, 29 imo kwenye pepa, wamelinganisha kundi na kundi kwa hesabu inayoangalia na muda, ndo maana kikokotoo chako kikigawanya hizo namba tupu kinakupa kama 20. Mtu akikwambia mtaji wake umeongezeka mara mbili unamuuliza kwanza ulikuwa shilingi ngapi, maana hata wa mia mbili akifika mia nne kaongeza mara mbili. Basi hivyohivyo, asilimia ikija peke yake bila idadi ya watu irudishe ilikotoka ikalete na wenzake. Hata ile ya kansa ya mlango wa kizazi niliyosema mara 6, nayo nimekulisha peke yake, ulitakiwa uniulize mara 6 ya ngapi.

Na sibezi, yalikuwa matokeo mazuri. ARV hamna, unapata vidonge vya bei rahisi vinauchelewesha ugonjwa, hicho ni kitu. Watafiti wenyewe walisema ni njia ya kumsukumia mtu muda kabla ya kufikia kuanza ARV, hawakusema inatibu. Tena vitamini A kwenye utafiti huohuo haikusaidia, na ilionekana kuongeza maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto, hiyo muuzaji hakuigusa, na kopo lake limeandikwa vitamini A mpaka Z.

Shangazi sio wa kwanza kuletewa mchezo huu. Matthias Rath, mfanyabiashara wa vitamini Mjerumani, aliubeba utafiti huuhuu wa Dar akawa anautangazia Afrika Kusini kama vile vitamini ni badala ya ARV, mpaka 2005 watafiti wa Harvard waliofanya kazi hiyo ikabidi watoke hadharani waseme hapana, hatukusema hivyo.

Halafu kuna mwendelezo wake ambao mi ndo naupenda zaidi. ARV zilipokuja, wakajaribu tena hapahapa Dar, kliniki saba, watu 3,418 wanaoanza ARV, nusu vitamini dozi kubwa, nusu dozi ya kawaida. Dozi kubwa haikupunguza ugonjwa wala vifo, na Machi 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu kipimo cha ini kinachoitwa ALT kilikuwa kinapanda kwa waliokuwa kwenye dozi kubwa. Ikachapishwa 2012. Jiji lilelile, vitamini zilezile, jibu jingine, kwa sababu waliopewa walikuwa watu wa hali nyingine na walilinganishwa na kitu kingine. Kwa hiyo ukishapata pepa ya zamani lazima utafute iliyokuja baada yake, PubMed kuna sehemu inakuonyesha pepa zinazofanana na zilizoinukuu, bonyeza hapo, angalia za miaka ya karibuni.

Swali la nne, la kilichopimwa, ndo watu wengi wanaliruka na ndo lenye mambo, hasa kwenye kansa. Kuna utafiti wa Mwanza unaitwa DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, wanaangalia kama dozi moja ya chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, inatosha. Hawakuhesabu nani kapata kansa ya mlango wa kizazi, wangehesabuje, kansa hiyo kwa kawaida inachukua miaka 15 mpaka 20 kujijenga. Walipima kingamwili kwenye damu, wakalinganisha na za wanawake wa tafiti nyingine ambazo zilishaonyesha kuwa dozi moja inakinga. Ni njia halali na ni kazi makini, Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja 2022 na sisi Tanzania tukahamia dozi moja 2024, ila ukiisoma sema walipima kingamwili, usiseme wamethibitisha hakuna atakayeumwa.

Ndugu yake wa mbali, tena ndugu mwenye matatizo, ni zile za "imeua seli za kansa". Majani ya stafeli, mlonge, manjano, zote utakuta pepa. Fungua mbinu, utakuta seli kwenye kisahani cha maabara au panya. Kwenye kisahani hata Jik inaua seli za kansa. Kazi ni kuua za kansa ukaziacha za mtu, ndani ya mtu, akiwa anapumua. Pepa ya hivyo ina maana kwa mwanasayansi mwenzie anayetafuta pa kuanzia, kwa mgonjwa wa hospitali ya kansa ya Ocean Road anayesubiri mionzi haina kazi bado, na ikimfanya asiende tarehe yake basi ina madhara.

Kifafa nacho kina somo lake, na mi hili lilinichukua muda kulielewa. Mahenge kule Morogoro, miaka ya 60 mwanzoni, daktari mmoja wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alikuta kifafa kwa Wapogoro kimezidi kawaida, na watoto wengine wanatikisa kichwa kama wanasinzia, akafungua kliniki na akaandika. Baadaye watu wakagundua maeneo kama yale, yenye mito ya kasi na wale inzi wadogo wanaoeneza usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho, ndo kifafa kinapojaa. Sawa, lakini vitu viwili kukaa pamoja haina maana kimoja kimemzaa mwenzie. Masika hapa Dar wauza miavuli wakijaa Kariakoo ujue Jangwani kumefurika na foleni haiendi, sasa utasema miavuli ndo inaleta foleni? Kwa hiyo ukikuta pepa imeandika "inahusiana na" usiitafsiri "inasababisha", we ulizia kipi kilitangulia.

Na kwa hili la usubi wakaja wakaliulizia kweli. Cameroon kulikuwa na watoto waliopimwa wingi wa minyoo ya usubi miaka ya 1991 mpaka 1993, watafiti wakarudi 2017 kuwatafuta, wakakuta kadiri mtoto alivyokuwa na minyoo mingi enzi zile ndo alivyokuwa kwenye hatari kubwa ya kuja kupata kifafa. Minyoo kwanza, kifafa baadaye, na kiwango kinaendana. Hapo sasa hoja ina miguu, ingawa namna minyoo inavyofika kuleta kifafa bado wanabishana. Na kwa wale mnaofowadi kwamba povu la mtu aliyeanguka linaambukiza, hamna pepa ya hivyo, mshikeni mwenzenu mumlaze ubavu.

Pepa moja haitoshi, nalisema harakaharaka maana hili kila mtu analisema ila mfano wake mzuri uko kwetu. 1995 Mwanza walichapisha kwamba ukiboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa kama asilimia 40. Namba zenyewe, ndani ya miaka miwili, 48 kati ya 4,149 kwa 82 kati ya 4,400, piga hesabu kama tulivyofanya juu. Dunia ikashangilia. 1999 Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa tu, wakatibu watu nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na VVU havikupungua. Nani mwongo? Hakuna. Mwanza huduma ilikuwa kituoni kila siku na janga lilikuwa bado changa, Rakai dawa zilikuja kwa vipindi na janga lilishakomaa. Aliyesoma ya Mwanza peke yake alijua nusu.

Mwisho wa pepa, kule chini ambako hakuna anayefika, kuna nani katoa hela na nani ana maslahi. Mwenye kiwanda kutoa hela hakuifanyi pepa iwe ya uongo, ila unaisoma umekunja uso kidogo. Angalia pia kibali cha maadili, utafiti wa watu hapa unatajiwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au bodi ya chuo kama MUHAS, kile chuo cha udaktari Muhimbili. Na hapo kuna ujanja mwingine, muuzaji anakuonyesha kibali cha utafiti kama vile ni usajili wa bidhaa. Kibali cha utafiti ni ruhusa ya kuuliza swali tu. Dawa inasajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, dawa asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, uliza namba ya usajili ya lile kopo.

Ukimaliza usiende kupigana kwenye grupu. Nilishawahi, nikaandika aya sita na linki tatu kwenye grupu la ukoo, adimini akaniambia nina dharau kwa wakubwa, na unga ukaendelea kuuzwa. Safari hii nimemtumia shangazi voisi faragha, dakika moja: "Shangazi shikamoo, utafiti ni wa kweli ila ni wa wajawazito wa kabla ARV hazijaja, walipewa vidonge vya vitamini sio huo unga, vilichelewesha ugonjwa havikutibu, na jina la huyo daktari kwenye pdf halimo. Mwenzako kama anatumia dawa yoyote ya hospitali asiiache, na siku ya kliniki abebe kopo lenyewe amwonyeshe muuguzi maandishi ya ubavuni." Kubeba kopo ni muhimu kuliko kuelezea kwa mdomo, muuguzi anataka kuona kilichomo na kiasi, hasa kwa mtu wa kifafa au wa ARV kwa sababu ya ule ugomvi wa dawa niliousema.

Shangazi kajibu kwa voisi ya dakika nne, tatu za mwanzo anamsema mwenzie alivyo mbishi na hela ya kikoba aliyoitumia bila kuuliza mtu. Mwishoni kasema Alhamisi wanaenda wote, kopo moja analo kwenye kikapu, la pili mwenzie kashalimaliza.